Haki ya Fakiri na Dhima ya Jirani

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mgawaji wa riziki, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad na aali zake na sahaba zake.

Amma baad. Limezuka katika mabaraza suala ambalo halifai kupitiwa juu juu, nalo ni hili: fakiri akiandikwa katika daftari la serikali, akawa apewa fedha mkononi, je, jirani yake mwenye mali amevuliwa dhima? Na yule mtoaji, je, ana haki ya kumwekea fakiri masharti, kwamba fanya hivi upate, usipofanya ukose?

Mfano wa jambo hili na utazamwe katika Moshi na miteremko ya Kilimanjaro. Watu wa pwani wakiutaja mlima ule hutaja migomba, kahawa na maji yapitayo katika mifereji, wakadhani kwamba huko hapana njaa. Dhana hiyo ina asili yake. Wakulima wa mlimani walikuwa na chama chao kikubwa cha ushirika wa kahawa, KNCU, tangu mwaka 1933, na kahawa ilisomesha watoto na kujenga nyumba. Lakini mwaka 1989 mapatano ya mataifa yaliyokuwa yakigawa mafungu ya kuuza kahawa yalivunjika, bei ikaanguka, na wengi wakaona mibuni yao si tegemeo tena. Na ardhi nayo haiongezeki. Kihamba hurithiwa, baba akawagawia wanawe, na wana wakawagawia wao, hata vihamba vingine havifiki eka moja.

Basi na afikiriwe mjane katika kihamba kama hicho. Ng'ombe wake yumo zizini, na majani ya kumlisha hufuatwa tambarare na kupandishwa mlimani juu ya kichwa. Mahindi hutegemea kipande cha shamba huko chini, na mvua ya masika ikikosa, ghala ni tupu. Tangu mwaka 2016 ada ya shule ya sekondari hadi kidato cha nne imeondolewa, lakini sare, madaftari na viatu havikuondolewa. Mtoto akiugua usiku, mama huhesabu kwanza nauli, kisha ndipo ahesabu dawa. Huu ndio ufakiri ambao mpita njia hauoni, kwa kuwa umefunikwa na majani mabichi ya migomba.

Serikali ya Tanzania ilianzisha Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, uitwao TASAF, mwaka 2000. Fedha za mkononi zilijaribiwa kwanza Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, malipo yakianza mwaka 2010, kisha mwaka 2012 mpango ukaenezwa nchini kote, na kipindi chake cha pili kikafunguliwa mwaka 2020. Kaya maskini hutajwa katika mkutano wa kijiji, kisha huhojiwa na kuandikwa. Katika kipindi cha kwanza fungu la msingi lilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi, zikilipwa kila miezi miwili, na juu yake ziliongezwa kidogo kwa ajili ya watoto. Sharti lilikuwa watoto wadogo wapelekwe kliniki na wakubwa wahudhurie shule, na likivunjwa sehemu ya fedha iliweza kukatwa. Kwa wenye nguvu kulikuwa na kazi za ujira katika miezi ya uhaba, siku 60 kwa mwaka.

Wako wasemao: fedha hizi huwafanya watu wavivu, na huko mlimani huishia katika mbege, ile pombe ya ndizi. Jawabu ni kwamba hii ni dhana mbaya juu ya mja, na dhana mbaya ni dhambi hata ikiwa adhaniwaye ni fakiri. Tena mambo yalichunguzwa. Uchunguzi wa majaribio yale ya Bagamoyo na wenzake, uliotolewa mwaka 2014, ulionyesha kwamba kaya zilizopewa zilinunua mifugo, zikalipia bima ya afya, na watoto wao wakavaa viatu zaidi kuliko wengine. Na katika mwaka huo huo ulikusanywa uchunguzi wa nchi nyingi, wala haukuona kwamba fedha za namna hii huongeza ulevi au tumbaku. Anayetaka kusema kinyume chake na alete ushahidi, asilete uvumi.

Na wasemao haya hupenda kuitaja hadithi ya mtu wa Madina aliyekuja kuomba, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamuuzia blanketi yake na bakuli yake kwa dirhamu mbili, akanunuliwa shoka akaenda kukata kuni. Hadithi hiyo ni hoja ya kazi, hapana shaka. Lakini wao huisoma nusu. Dirhamu ya shoka ilikuwa ya pili. Dirhamu ya kwanza aliamrishwa anunue chakula awapelekee ahali zake. Basi aliyeshiba hana haki ya kumwambia mwenye njaa, nenda ukafanye kazi, ilhali ameruka dirhamu ya kwanza.

Ama suala la jirani, mwenye kutaka hukumu na arejee vitabu vya madhehebu ya Imamu Shafi. Wanazuoni wamempambanua fakiri na miskini. Fakiri ni yule ambaye mali yake na chumo lake havifiki mahali pa haja yake, kama mwenye kuhitaji kumi akawa na mbili. Miskini ana kitu kinachokaribia wala hakitoshi, kama mwenye kuhitaji kumi akawa na saba au nane. Haya na yapimwe. Nyumba ya mjane ikihitaji, kwa mfano, shilingi 100,000 kwa mwezi, na daftari likampa 10,000, basi ana moja katika kumi. Huyo bado ni fakiri. Hata umiskini hajaufikia. Jina lake katika daftari halikumtoa katika mafungu manane yaliyotajwa katika Sura ya Tauba, wala halikuiangusha zaka iliyo shingoni mwa tajiri. Na Imamu Nawawi amelisahihisha kauli ya kuwa fakiri apewe cha kumtosha umri wake, mwenye ufundi apewe zana zake, na mwenye biashara apewe mtaji. Iko wapi kauli hiyo, na iko wapi sarafu ya mwezi wa Ramadhani itupwayo mlangoni ili mwombaji aondoke?

Na ajue msomaji kwamba wengi wa majirani mlimani si Waislamu. Zaka ina watu wake, lakini sadaka yafaa kupewa asiyekuwa Mwislamu, na haki ya ujirani haikufungwa kwa dini. Anayepika nyama na moshi wake ukaingia nyumba ya pili, asiulize kwanza jirani anasali wapi.

Limebaki suala la sharti. Zaka ikishatolewa ni milki ya fakiri, na aliyeitoa hana amri juu yake. Mali ya hazina ni jambo jingine: mtawala ana ruhusa ya kuitengenezea sharti lenye maslaha, na kumpeleka mtoto shuleni na kliniki ni maslaha yaliyo dhahiri. Lakini sharti huweza kuzaa asilolikusudia mwenye kuliweka. Sayyidna Umar bin Khattab, radhi za Allah zimshukie, aliwawekea watoto posho katika hazina tangu waachapo ziwa. Usiku mmoja akasikia mtoto analia, akarudi mara ya pili na ya tatu, mtoto bado analia. Alipomuuliza mama, naye hamjui kuwa ni Amiri, akamjibu kwamba anamwachisha ziwa kabla ya wakati, kwa kuwa Umar hampi posho ila aliyeachishwa. Umar alisali alfajiri watu wasiyasikie masomo yake vyema kwa kulia kwake, kisha akaamuru posho itolewe tangu mtoto azaliwapo.

Sharti la Umar halikuwa la dhulma, bali lilikuwa na hesabu nzuri machoni pa waandishi wa hazina. Mwenye kuonja uchungu wake alikuwa mtoto mchanga. Basi kila awekaye sharti juu ya maskini imempasa atembee usiku asikilize ni nani aliaye kwa sababu yake: mtoto aliyekosa shule kwa homa, akakatiwa nyumba nzima chakula, bibi kizee aleaye wajukuu, na zahanati iko ng'ambo ya korongo. Na mwenye kuketi mkutanoni jina la fakiri likisomwa mbele ya watu, na azuie ulimi wake, kwani Qurani imekwisha kubainisha kwamba masimango hubatilisha sadaka. Tena wako ambao majina yao hayasomwi kabisa, wale ambao mjinga huwadhani matajiri kwa jinsi wanavyojizuia na kuomba. Hao hawajulikani kwa daftari. Hujulikana na jirani.

Na katika madhehebu haya zaka haihamishwi kutoka mji ambao wenye kuistahiki wapo. Kwa hiyo tajiri wa Moshi ataulizwa juu ya mafakiri wa Moshi, na mtu wa Bagamoyo, Tanga au Mombasa ataulizwa juu ya mtaa wake mwenyewe. Na aanze nyumba ya saba kutoka kwake, ahesabu haja yao ni ngapi katika kumi, na walicho nacho ni ngapi, kisha ajihukumu kabla hajahukumiwa.

Mwenyezi Mungu azitakase mali za wenye kutoa na azihifadhi nyuso za wenye kupokea. Wallahu aalam, wabillahi taufiq.