Mashine ya Mazulia na Amana Isiyoonekana



Vijana watatu wa hapa Ikwiriri wametuletea suali. Wamekusanya fedha walizopata katika korosho na ufuta, na sasa wanataka kufanya biashara ya kuosha mazulia misikitini, katika nyumba za wageni na katika kumbi za harusi, tangu Kibiti mpaka ng'ambo ya Daraja la Mkapa. Fedha walizo nazo zatosha kununua mashine ndogo ya umeme. Lakini macho yao yako kwenye ile kubwa inayofungwa juu ya gari, na hiyo hawaipati ila kwa kukopa. Wauliza: ipi bora?

Huenda ukasema kwamba suali hili ni la fundi, si la maalim. Mimi nasema ni la wote wawili, kwani achaguaye chombo cha kazi huchagua pamoja nacho ahadi atakazopaswa kuzitimiza.

Tuanze na zulia lenyewe. Wazee wetu wa Rufiji waliswali juu ya mikeka ya ukindu iliyosukwa na mama zetu. Mkeka hauna siri: ukichafuka waonekana, ukikung'utwa na kuanikwa juani mambo yamekwisha. Zulia si hivyo. Zulia huficha. Juu laweza kung'aa na kunukia, na ndani mna vumbi la kiangazi, tope la masika na mkojo wa mtoto. Mwenye zulia hana njia ya kupasua nyuzi atazame. Basi humwamini muoshaji, na hapo ndipo kazi hii inapogeuka kuwa amana.

Tena kwetu Waislamu jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu usafi na tahara si kitu kimoja. Bedui mmoja alipokojoa msikitini, Mtume (S.A.W.) aliamrisha ndoo ya maji imwagwe mahali pale. Maji, wala si manukato. Na katika madhehebu ya Imam Shafii, tunayoyafuata watu wa pwani, maji yaliyogeuzwa sana na sabuni hata yasiitwe tena maji matupu hayaondoi najisi. Kwa hiyo zulia lililopata najisi, baada ya kuondolewa uchafu wenyewe na kusuguliwa kwa sabuni, halina budi kupitishiwa maji safi matupu. Muoshaji akiiruka hatua hii ya mwisho, zulia litapendeza machoni, na watu watasujudu juu ya najisi bila ya kujua. Nani atakayemuuliza? Hapa duniani, pengine hakuna.

Sasa tuitazame mashine. Ile ya garini hupiga maji ya moto kwa nguvu ndani ya zulia, na papo hapo huyanyonya na kuyarudisha katika tangi la maji machafu. Fadhila yake ni kubwa. Gari husimama nje na mipira huingia ndani, hata zulia la msikiti lililogundishwa sakafuni huoshwa bila ya kung'olewa. Na kwa kuwa hunyonya kwa nguvu, zulia hukauka upesi. Ziko za namna mbili. Moja huendeshwa na injini ya gari lenyewe. Nayo haichukui nafasi nyingi, lakini gari likiharibika kazi yote imesimama. Ya pili ina injini yake. Hii yaweza kuhamishiwa gari jingine, lakini una injini mbili za kulisha na kutengeneza. Tena maji yana uzito: lita 500 ni kilo 500, kabla hujahesabu mashine wala watu. Kirikuu kilichoundwa Japani kwa mzigo wa kilo 350 hakiwezi kubeba hayo kwa salama.

Haya ni ya fundi. Ya maalim ni haya: chombo kikubwa huzaa deni kubwa, deni huzaa haraka, na haraka huzaa khiyana. Hakuna kijana aamkaye asubuhi akanuia kuwadanganya watu wa msikiti. Lakini siku ya kulipa ikikaribia, na mazulia sita yangoja, na maji yamebaki kidogo tangini, nafsi humnong'oneza: hili moja liruke, nani atajua? Hapo deni ndilo linaloshika mpira wa maji, si yeye. Qur'ani ina sura inayoanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo. Usidhani kipimo ni cha mwenye mizani peke yake. Kipimo cha muoshaji ni yale maji ya mwisho.

Na mkopo wenyewe ukiwa wa riba, ni haramu hata mashine ikiwa njema namna gani. Njia za halali zipo. Benki ya Kiislamu, kama vile Amana Bank iliyoanza mwaka 2011, yaweza kukinunua chombo, kikawa mali yake, kisha ikakuuzia kwa faida inayojulikana tangu mwanzo, nawe ukalipa kidogo kidogo. Au mwenye mali aingie shirika nawe, mshiriki faida na hasara. Lakini hata deni la halali ni deni, na halipunguzi haraka niliyoitaja.

Wala usiipime biashara kwa msimu. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipoingia majumbani Rufiji na Kibiti, vitu vya kuosha na kukausha vilikuwa vingi. Kadhalika Ramadhani inapokaribia, kila msikiti hutaka zulia safi. Hesabu miezi ya katikati, wakati hakuna harusi wala Idi. Ikiwa miezi hiyo hailishi gari, gari litakula shamba la korosho.

Liko na jambo la jirani. Maji machafu yaliyonyonywa yana sabuni na uchafu wa watu. Asiyemwaga penye kisima cha wenziwe amefanya biashara; amwagaye popote amewauzia wengine madhara, na Sharia hairuhusu kudhuru.

Basi jibu langu kwa vijana wetu ni hili. Chukueni mashine ndogo mliyo na fedha zake. Itakuwa na taabu: umeme hukatika, maji yatachotwa kwa ndoo, na mazulia mazito yatahitaji jua la kutwa. Pokeeni machache mnayoweza kuyaosha na kuyasuuza kwa haki. Mteja akileta zulia lenye najisi, mwambieni wazi kazi inayotakiwa na bei yake. Watu wakikuzoeeni kwa ukweli, na kazi ikazidi mikono yenu mwaka mzima, hapo ndipo ile kubwa itakuwa haja, si tamaa.

Nawe msomaji, hata kama huoshi mazulia, jiulize: katika kazi yako, ni sehemu gani asiyoiona mwenye mali? Hiyo ndiyo utakayoulizwa.

Wabillahi tawfiq.