Tundu la Bakuli

Anayetaka kufika Songo Mnara hana budi kuyauliza maji kwanza. Mashua hutoka Kilwa Masoko ikielekea kusini, na maji yakiwa yamekupwa mgeni huvua viatu, akakanyaga tope la mikoko mpaka nchi kavu. Huko kuna mji wa matumbawe na chokaa, uliositawi kati ya karne ya 14 na ya 16. Ukiinua macho mahali palipobaki kuba, utaona matundu ya mviringo yaliyopangwa kwa ustadi. Humo yalipachikwa mabakuli ya kaure. Mabakuli yameng'oka au yameng'olewa, matundu yamebaki.

Matundu hayo hunijia kila ninaposikia ikisemwa kwamba intaneti ndiyo iliyoipa sanaa miguu: zamani kazi ya msanii ilikaa mahali pamoja, leo inazunguka dunia. Bakuli la Songo Mnara linakataa. Lilifinyangwa Uchina au Uajemi, likavuka bahari jahazini, likashushwa kisiwani kwa watu ambao mfinyanzi hakuwajua kwa sura wala kwa jina. Pwani hii imezoea sanaa inayosafiri. Kilichobadilika ni namna ya kuipokea.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Fundi wa Songo Mnara alilipa bakuli jembe. Chombo kilichokusudiwa chakula alikigeuza kinywa chini, akakizamisha katika chokaa mbichi, kikawa pambo la kutazamwa na aliyelala chali. Tangu hapo bakuli lile lilikuwa na mafundi wawili: aliyelifinyanga na aliyelipa mahali. Huyu wa pili hatumtaji tunapozungumzia sanaa, ingawa bila yeye bakuli lingebaki mzigo uliofika bandarini.

Picha inayotufikia kwenye simu haifikishi siku ya tatu. Huja, tunaipenda, kidole kinaisukuma juu, nyingine inaingia. Imesafiri mbali kuliko bakuli, tena kwa kufumba na kufumbua, lakini hakuna aliyeiwekea chokaa.

Mtu atasema tatizo ni kunakili: picha ikiwa na nakala milioni, itapataje pa kukaa? Sidhani. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za baiskeli juu ya mbao za kubana. Alifariki mwaka 1972, na waliomfuata wameyarudia maumbo yake mara zisizohesabika, kabla hata ya kompyuta kuwafikia. Jina lake halikuzama katika marudio hayo. Liligeuka jina la mtindo mzima. Ila kila nakala ilipita mkononi mwa mtu, na mkono hauwezi kurudia bila kuongeza cha kwake. Nakala ya intaneti haihitaji mkono. Ndiyo maana haiongezi kitu na haimdai mtu kitu.

Soko lenyewe limeuhisi upungufu huo. Machi 2021, mnada wa Christie's uliuza kazi ya kidijitali ya msanii Beeple kwa dola zaidi ya milioni 69. Mnunuzi alipewa hati ya umiliki; picha yenyewe kila mtu aliendelea kuiona bure. Fedha zote hizo zilikuwa bei ya tundu: jitihada ya kununua mahali kwa ajili ya kitu kisicho na mahali.

Hata hivyo nisiwe mwenyeji mchoyo. Magofu ya Songo Mnara, yaliyoingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 1981, yalikaa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini tangu 2004 hadi 2014. Wataalamu wa mradi wa Zamani, kutoka Chuo Kikuu cha Cape Town, wamezipima kuta zake kwa miale ya leza, na sura yake imehifadhiwa kwa kompyuta. Ukuta ukianguka kesho, vipimo vyake vipo. Mtoto wa Lindi asiye na nauli ya mashua anaweza kuutazama mji wa kaskazini kwake bila kungoja maji. Huo ni wema, na mgeni aliyeuleta ni huyuhuyu ninayemlalamikia.

Lakini sura hiyo ina thamani kwa sababu kuna ukuta tunaoweza kuukosa. Kuba ya Songo Mnara imepoteza bakuli na bado inaonyesha lilipokuwa, kwa upana na kina chake. Hicho ndicho kipimo ninachokiona cha haki kwa sanaa ya zama hizi, iwe ya kaure au ya kioo cha simu. Ukitaka kujua kama picha uliyoipenda jana ilikufikia, ifute. Kisha tazama kama pana tundu.