Singa ya Mkonge na Asili ya Kitu

Swali la kale la falsafa, yaani kama kitu kilichoundwa kwa mkono wa binadamu hubaki na asili ya mada iliyokiunda, limekuwa zito zaidi tangu viwanda vianze kutengeneza vipuri kwa nyuzi za mimea. Aristotle, katika kitabu chake cha Fizikia, anaueleza mfano wa Antiphon, mwanafikra Mgiriki mwenzake: kitanda kikizikwa na ubao wake unaooza ukapata nguvu ya kuchipua, kitakachoota si kitanda bali ni mti. Aristotle hakukubali kwamba mada peke yake ndiyo asili, kwani aliona umbo lina haki kubwa zaidi ya kuitwa hivyo. Hata hivyo mfano wenyewe haujapoteza makali yake.

Mkonge, ulioletwa na mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893 katika nchi ambayo leo ni Tanzania, hutoa singa ambazo ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Singa hizo hushindiliwa pamoja na plastiki ya polipropilini zikawa paneli za milango ya magari, na hupendwa kwa kuwa kila sentimita ya ujazo ina uzito wa karibu gramu 1.5, ilhali nyuzi za kioo hufikia gramu 2.5. Lakini singa iliyomo ndani ya gari bado ni ya jani: hunywa unyevu ikavimba, na joto likizidi sana nyuzijoto 200 huharibika. Wahandisi huziita tabia hizi kasoro, wakaziosha singa kwa soda kali ili zishikamane na plastiki.

Je, ni kasoro kweli? Katika mafundisho ya Kiislamu binadamu ni khalifa, yaani msimamizi aliyewekwa duniani, na alivyo navyo ni amana, kitu alichokabidhiwa ambacho sharti kirudishwe. Uozo, ukitazamwa hivyo, ndiyo njia ambayo jani hurudi kwa mwenyewe. Singa iliyofungiwa ndani ya plastiki imezibiwa njia hiyo, kwa maana haiozi kama jani wala haiyeyushwi upya kwa urahisi kama plastiki tupu, na kukiita kipuri hicho cha asili kwa sababu tu kilianzia shambani ni kulidhulumu neno. La kuuliza kwanza ni kama fundi, alipokichora kipuri, alikipangia pia kifo chake.

Waliojenga mitepe ya pwani ya Waswahili, vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za usumba pasipo misumari, walijua kwamba kamba italegea na kuoza, nao waliipanga kazi yao kuufuata uozo huo: chombo kilipandishwa ufukweni, kamba chakavu zikafumuliwa, mbao zikashonwa upya.