Ufadhili wa Masomo ya Nje: Zawadi au Deni?



Ndugu zangu katika imani, matangazo ya ufadhili yanapobandikwa ubaoni, wenzetu wa kitivo cha biashara huwa wa kwanza kuyasoma, na wana haki. Kuala Lumpur kuna INCEIF, chuo kilichoanzishwa mwaka 2005 mahsusi kwa fani ya fedha za Kiislamu. Uturuki nayo ina Türkiye Bursları, inayolipa ada, malazi na posho ya kila mwezi. Hapa Uganda sheria iliyoruhusu benki za Kiislamu ilipitishwa mwaka 2016 tu, kwa hiyo wataalamu bado tunawahitaji.

Kwa kuwa nasoma sharia, huulizwa: "Shekhe, nikimaliza nikapata kazi nzuri hukohuko, nina dhambi nikibaki?"

Kama umetia saini mkataba wa kurudi, jibu ni jepesi: rudi. Aya ya kwanza ya Surat al-Maida inatuamrisha kutimiza mikataba, wala haikuubagua wa masomo. Ugumu uko kwa asiyetia saini chochote. Yeye husema: nilipewa, sikukopeshwa, na zawadi hairudishwi.

Tuutazame mpango wa Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ya Jeddah, ulioanza mwaka 1983 kwa jamii za Waislamu katika nchi zisizo wanachama, kama majirani zetu Kenya na Tanzania. Fedha zilihesabiwa kwa namna mbili: kwa mwanafunzi ni qardhi hasana, mkopo usio na riba, kwa jamii yake ni msaada. Akishapata kazi hulipa kidogo kidogo, na anacholipa hukusudiwa kumsomesha mwingine katika jamii ileile. Maana yake iko wazi. Mwanafunzi huchaguliwa kwa jina lake, lakini hupewa kwa ajili ya watu walio nyuma yake.

Hapo hoja ya zawadi inapungua nguvu. Nafasi ikiwa moja na waombaji mia, wale tisini na tisa hawakukukopesha shilingi, ila walichokosa ndicho ulichokipata. Deni hilo halina karatasi, wala hakuna kadhi atakayekuhukumu kwalo.

Je, kulilipa ni lazima kurudi? Si kila mara. Anayerudi Kampala akakaa miaka bila kazi hajamnufaisha mtu, na aliyebaki ugenini akasomesha yatima wawili amelipa sehemu. Lakini ni sehemu tu. Pesa hutumwa kwa simu. Mtu wa kukaa na mama muuza matoke wa Owino na kumfafanulia tofauti ya murabaha na riba hatumwi hivyo.

Mafakihi wanatufundisha kuwa elimu ambayo umma unaihitaji ni fardhi kifaya, na kwamba wajuzi wakikosekana isipokuwa mmoja, humgeukia huyo kuwa fardhi ain. Basi naona hivi: anayerudi haulizwi sababu. Anayetaka kubaki ndiye wa kuitoa, na kadiri wenye fani yake walivyo wachache kwao, ndivyo sababu hiyo inavyotakiwa kuwa nzito. Mzazi mgonjwa anayetegemea dawa za mshahara huo ni sababu. Gari jipya si sababu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla ya kujaza fomu, weka nia: nitamlipa nani, kwa kitu gani, na lini? Nia ikichelewa hadi mshahara wa kwanza, mshahara ndio utakaojibu.

Wallahu a'lam.