Daftari na Haki ya Askari

Methali husema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa kawaida maneno haya hutajwa dukani, penye hesabu za sukari na mchele. Lakini iko mali nyingine ambayo daftari huweza kuitunza au kuipoteza, nayo ni heshima ya mtu. Nataka tuitazame mali hiyo hapa, kwa kuwa hakuna mtu asiyeandikwa mahali fulani, na mara nyingi anayemwandika hamjui.

Tuchukue mfano wa Kamakis, pale ambapo barabara kuu ya Nairobi kwenda Thika hukutana na ile iitwayo Eastern Bypass, katika eneo la Ruiru. Zamani nchi hiyo ilikuwa ya mashamba ya kahawa; leo ina maduka, nyumba za ghorofa na moshi wa nyama choma, na mwendo mfupi tu upande wa Nairobi iko kambi ya jeshi ya Kahawa. Tuseme katika nyumba moja ya hapo anakaa kijana wa shule ya sekondari. Baba wa babu yake alikuwa askari wa King's African Rifles, jeshi ambalo wazee waliliita Keya. Katika sanduku la bati la nyumba hiyo kimo cheti cha kuachishwa jeshi. Kina namba, jina moja tu lililoandikwa kwa makosa, na tarehe mbili. Mahali pa nishani hapana kitu. Hata hivyo jamaa wote husimulia kwamba mzee huyo alikwenda Burma katika Vita Kuu ya Pili, akapita bonde la Kabaw katika mvua za mwaka 1944, akafika mto Chindwin pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki.

Sasa kijana anajiuliza: Je, ninao wajibu wa kutaka daftari lisahihishwe? Na serikali iliyoliandika ina wajibu wa kunisikiliza, hali mwenyewe amekwisha kufa?

Watu wengine watamjibu upesi kwamba hana wajibu wowote. Watasema tendo ni tendo, liandikwe lisiandikwe; aliyevuka mto amevuka, na kipande cha shaba hakimwongezei maiti pumzi. Neno hili lina ukweli ndani yake. Ushujaa hauzaliwi na nishani. Mwenye kutenda jema kwa ajili ya kusifiwa tu amekwisha kupunguza wema wake. Lakini wasemao hivyo wamesahau jambo moja. Nafasi tupu katika daftari haisemi, "Hatujui." Anayesoma baada ya miaka themanini huisoma kama kwamba inasema, "Hakufanya kitu." Hivyo kimya cha karani hugeuka ushahidi, na ushahidi huo ni wa uongo. Kuusahihisha si kumwongezea marehemu sifa. Ni kumwondolea uongo juu ya kaburi lake.

Tuangalie namna daftari linavyoharibika, maana kosa halitengenezwi mpaka lijulikane asili yake. Kwanza kuna kosa la mkono. Karani aliandika jina la lugha asiyoijua, akaacha jina la baba, akageuza tarakimu moja ya namba, na tangu siku hiyo watu wawili wakawa mmoja, au mmoja akawa wawili. Pili kuna msiba. Tarehe 12 Julai 1973 moto uliwaka katika jengo la hifadhi ya hati za watumishi huko St. Louis, Marekani, ukateketeza majalada kati ya milioni 16 na 18 ya askari wa nchi ile. Watunzaji hawakusema kwamba askari hao hawakuwako. Walianza kukusanya habari zao kutoka mahali pengine, kama vile hati za mishahara na za hospitali. Tatu kuna jambo baya kuliko hayo mawili, nalo ni kuamua tangu mwanzo kwamba mtu fulani hahitaji kuandikwa.

Jambo hili la tatu lilitupata sisi. Katika Vita Kuu ya Kwanza, tangu mwaka 1914 hadi 1918, maelfu kwa maelfu ya watu wa Afrika Mashariki walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, na jina la Kariakor ya Nairobi na la Kariakoo ya Dar es Salaam latokana na hao. Walikufa kwa njaa, kuhara na homa zaidi kuliko kwa risasi. Mwaka 1928 sanamu za shaba zilisimamishwa Nairobi, katika barabara ambayo leo yaitwa Kenyatta Avenue, ili wakumbukwe pamoja na askari. Lakini mpita njia hawezi kusoma pale jina la mmoja wao. Mwezi wa Aprili 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000 wa vita ile, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Mzungu aliyekufa alipewa jiwe lenye jina lake. Mpagazi aliyembebea chakula alipewa neno "wengineo".

Atakayedhani kwamba kosa la miaka mia haliwezi kutengenezwa na asikie haya. Katika miaka ya karibuni hati za askari wa Keya wa vita ile ya kwanza, zilizodhaniwa kuwa zimekwisha kupotea, zilionekana katika hifadhi ya majeshi ya Kenya, na kutoka humo majina zaidi ya 3,000 ya waliokufa yameokolewa. Mwezi wa Januari 2025 ukumbusho ulifunguliwa Cape Town wenye majina zaidi ya 1,700 ya Waafrika wa Afrika Kusini waliokufa katika kazi za vita hiyo wala hawakuwa na kaburi lijulikanalo. Majina hayo hayakuanguka kutoka mbinguni. Yalikuwa yamelala katika makaratasi, yakingoja mtu wa kuyafungua.

Sasa nitawaeleza habari ya watu wawili walioketi penye bunduki moja. Mwezi wa Agosti 1940 Waitaliani waliingia katika Somalia ya Waingereza. Huko Tug Argan, kepteni Eric Wilson wa kikosi cha ngamia alishika bunduki za mtombo kwa siku kadha, amejeruhiwa begani na jichoni, mpaka adui alipofunika kilima. Mwezi wa Oktoba ilitangazwa kwamba amepewa Victoria Cross, nishani kuu ya ushujaa ya Uingereza, naye alidhaniwa amekufa. Kumbe alikuwa hai! Mwaka 1941 alionekana miongoni mwa wafungwa wa vita huko Eritrea. Daftari lilimwandika maiti, likasahihishwa. Aliishi hadi mwaka 2008. Lakini kando yake pale kilimani aliuawa sajini wake Msomali, Omar Kujoog. Huyo hakupewa Victoria Cross.

Sisemi neno hili ili kumpunguzia Wilson haki yake, maana aliistahili. Nasema ili tuone kwamba daftari lina macho ya aliyelishika. Kosa lililomhusu afisa lilionekana na kutengenezwa upesi, kwa kuwa walikuwako watu waliomjua na kalamu zilizomsubiri. Mnyonge hakosi ushujaa. Hukosa shahidi anayejua kuandika. Nao wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Hapa lakini yatupasa kusimama kidogo, maana huruma ikiachwa peke yake huharibu haki kama ukatili unavyoiharibu. Ikiwa kila anayelia atapewa nishani, nishani itakuwa kifungo cha shati. Aliyelala katika matope ya Kabaw atalingana na aliyelala kitandani Nairobi, na huo utakuwa wizi wa pili juu ya wa kwanza. Kwa hiyo daftari lisisahihishwe kwa machozi. Lisahihishwe kwa ushahidi.

Ushahidi nao si wa namna moja. Ziko nishani za kampeni, ambazo mtu huzipata kwa kuwako tu mahali fulani katika wakati fulani. Nyota ya Burma ni mojawapo. Hapo hatutafuti simba, twatafuta askari na kikosi chake: namba yake, tarehe zake, na mahali kikosi kilipokuwa. Haya huweza kujulikana hata leo, na ofisi ya Uingereza inayohusika bado hupokea maombi ya jamaa wa karibu kwa nishani za vita vile. Halafu ziko nishani za ushujaa, ambazo hutaka shahidi aliyeona. Hizi ni ngumu. Uingereza ina kanuni ya kutoyafikiria tena matendo yaliyopita zaidi ya miaka mitano, kwa sababu mashahidi hufa na masimulizi hukua. Sababu hiyo ina maana. Lakini kanuni ile ile humfungia mlango yule ambaye hakuulizwa kitu katika miaka mitano ya kwanza.

Marekani ilifuata njia nyingine. Katika Vita Kuu ya Pili watu weusi zaidi ya milioni moja walitumika katika majeshi yake, wala hata mmoja hakupewa Medal of Honor, nishani kuu ya nchi ile. Mwaka 1993 uchunguzi ulianzishwa kujua sababu. Hati zilisomwa upya, na tarehe 13 Januari 1997 watu saba walipewa nishani hiyo. Sita walikuwa wamekwisha kufa. Aliyekuwa hai ni mmoja tu, Vernon Baker, aliyepigana Italia mwezi wa Aprili 1945. Wako waliosema kwamba heshima ya miaka hamsini na miwili baadaye ni dhihaka. Mimi naona kwamba kuchelewa kulikuwa dhambi, lakini kuacha kabisa kungalikuwa dhambi kubwa zaidi. Deni halifi kwa kuzeeka.

Liko pingamizo jingine, nalo latuhusu zaidi sisi wa Kenya. Mtu atasema: askari wa Keya alipigania ufalme uliokuwa umeitawala nchi yake na kuchukua ardhi ya baba zake, kwa nini tuhangaike na nishani za mtawala? Jibu lake naliona katika maisha ya Waruhiu Itote. Alikuwa askari wa Keya huko Burma. Baadaye aliingia msituni akawa Jenerali China wa Mau Mau, akakamatwa mwaka 1954, akahukumiwa kufa, akasamehewa, akaishi mpaka akaitumikia Kenya huru. Je, tufute Burma katika habari zake ili ubaki msitu? Au tufute msitu ibaki Burma, kama sheria ilivyotaka kwa muda mrefu, maana marufuku ya Mau Mau haikuondolewa hata mwaka 2003? Daftari si wimbo wa kusifu. Kazi yake ni kusema yaliyokuwa. Anayefuta asichokipenda leo amewafundisha wengine namna ya kumfuta yeye kesho.

Turudi Kamakis kwa kijana wetu. Nimesema anao wajibu, na sasa nitasema wajibu huo una uzito gani. Atapeleka namba na cheti, atangoja jibu, na jibu laweza kuwa la namna mbili. Huenda likasema: ndiyo, kikosi chake kilikuwa Burma, na nyota hii ni haki yake. Huenda pia likasema: mzee wako alitumika kwa uaminifu jikoni katika kambi ya Nairobi, wala hakuvuka bahari. Asiyekuwa tayari kupokea jibu la pili hakutafuta kweli. Alitafuta pambo la ukuta. Je, atakuwa na moyo wa kuwaambia wajomba na shangazi zake, siku ya kukutana jamaa yote, kwamba hadithi waliyokua nayo haikuwa hivyo? Na ikiwa katika sanduku lile imo nyota, atajuaje kwamba ni ya mzee, hali nyota za vita ile walizopewa Waingereza na askari wa Keya hazikuchorwa jina la mtu?

Hapa ndipo mtihani ulipo. Ni rahisi kudai kwamba serikali isahihishe daftari lake. Ni vigumu kukubali kwamba jamaa nayo ina daftari, limeandikwa kwa ulimi, nalo laweza kuwa na makosa. Mwenye kudai kweli kwa mwingine hana budi kuilipa yeye mwenyewe. Nami nasema kwamba mpishi aliyeandikwa mpishi ana heshima kamili kuliko mpishi aliyevikwa nyota ya mtu mwingine, maana yeye amebaki na jina lake, na yule mwingine hakuibiwa lake.

Kwa hiyo, vijana, ulizeni wazee wenu wakiwa hai. Andikeni majina yao kamili, na ya baba zao, na mahali walipotumika, na mwaka. Yawekeni makaratasi yao mahali pakavu. Na siku mtakapokuwa makarani, maafisa au walimu, mkashika kalamu juu ya jina la mtu msiyemjua, kumbukeni kwamba yeye hayupo kukuambieni mmekosea, na kwamba huenda mjukuu wake akapitisha maisha yake akilitafuta neno ambalo ninyi mngeweza kuliandika kwa dakika moja.