Aliyepona Anadaiwa Kura?

Usiku wa Jumapili, tarehe 21 Machi 2010, Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha muswada wa afya kwa kura 219 dhidi ya 212. Hakuna mbunge hata mmoja wa Republican aliyeuunga mkono. Bart Stupak wa Michigan, Mkatoliki na mwanachama wa Democratic, alikuwa amegoma kwa muda mrefu, akitaka hakikisho kwamba fedha za serikali hazitalipia utoaji mimba. Rais Barack Obama alipoahidi kutoa amri ya kiutendaji kuhusu jambo hilo, Stupak alikubali, akasimama kuutetea muswada. Papo hapo ikasikika sauti kutoka viti vya upande wa pili ikipaza maneno ya uuaji wa watoto. Randy Neugebauer, mbunge wa Texas, alijitokeza kesho yake akakiri kuwa ni yeye, akajitetea kwamba alikuwa akiusema muswada na wala si mtu.

Obama alitia saini Jumanne, na jina la mitaani la sheria hiyo, Obamacare, likalizidi nguvu jina lake rasmi. Kanisa Katoliki nalo lilikuwa limepasuka. Baraza la Maaskofu lilipinga muswada wa mwisho. Sista Carol Keehan, aliyekuwa akiongoza chama cha hospitali za Kikatoliki, aliuunga mkono, na masista viongozi wa mashirika ya kitawa wakawaandikia wabunge barua ya kuwahimiza waupitishe. Pande zote mbili zilijua kwamba Papa Yohane XXIII, katika waraka wake wa mwaka 1963, Pacem in Terris, aliyaweka matibabu miongoni mwa haki za binadamu. Kwamba mgonjwa atibiwe, hapo hapakuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa kama dhamiri inaweza kuipokea heri kubwa ikiwa inashuku kwamba uovu umefungwa ndani yake.

Kutokana na mgawanyiko huo likazaliwa swali lingine, ambalo wanasiasa walilichukua kama hesabu tu. Sheria ya namna hii inamtoa nani nyumbani siku ya kura: aliyefaidika au aliyekasirika? Na yule aliyefaidika akibaki nyumbani, amekosea?

Jibu la kwanza lilikuja Novemba 2010. Democratic walipoteza viti 63 katika Baraza la Wawakilishi, katika uchaguzi ambao takribani asilimia 41 ya wenye haki ya kupiga kura ndio waliojitokeza. Uchumi ulikuwa umedorora, kwa hiyo lawama zote hazikuiangukia sheria ya afya. Lakini ratiba yake yenyewe iliwapa wapinzani mwanya. Vijana waliruhusiwa kubaki kwenye bima ya wazazi hadi umri wa miaka 26 tangu Septemba 2010, ila nguzo zake kuu, yaani ruzuku za bima na upanuzi wa Medicaid, mpango wa serikali wa kuwatibu maskini, zilipangwa kuanza Januari 2014. Aliyekasirika alikuwa na hasira yake mkononi tayari. Wengi wa watakaofaidika walikuwa bado hawajapata chochote.

Ungetarajia basi kwamba faida zikifika, mambo yatageuka. Idadi ya Wamarekani wasio na bima ilishuka kwa watu karibu milioni 20 kati ya mwaka 2010 na 2016. Hata hivyo, uchaguzi wa katikati ya muhula wa 2014 ulivutia chini ya asilimia 37 ya wenye haki ya kura, kiwango cha chini kabisa tangu 1942, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kentucky ilitoa mfano mchungu zaidi. Gavana Steve Beshear alipanua Medicaid na kufungua soko la bima la jimbo lililoitwa Kynect, jina lililochaguliwa lisinukie Obama hata kidogo. Mamia ya maelfu walijiandikisha. Mwaka 2015 jimbo hilohilo likamchagua kuwa gavana Matt Bevin, aliyeahidi kuivunja Kynect, na alishinda hadi katika kaunti maskini za milimani mashariki, zilizokuwa zimenufaika mno. Waliopiga kura hawakufika theluthi ya walioandikishwa.

Wapo waliowaita watu hao wasio na shukrani. Lawama hiyo ni ya zamani. Wahubiri huifikia kila wasomapo Luka sura ya 17, ambapo wakoma kumi waliponywa na mmoja tu, Msamaria, akarudi kushukuru. Yesu aliuliza walikokwenda wale tisa. Lakini kisa hicho kina upande ambao mahubiri mengi huupita haraka: wale tisa hawakurudishiwa ukoma wao. Uponyaji haukuwekewa sharti la kurudi, na aliyetenda ndiye pekee aliyekuwa na haki ya kuuliza. Serikali haiko kwenye nafasi hiyo. Bima aliyopewa fundi wa Kentucky imelipwa kwa kodi, ikiwamo ya kwake. Akitakiwa ailipie tena kwa kura, matibabu yanakuwa fadhila ya chama, na chama kinachotoa fadhila kinaweza kesho kuwanyima wale wasiokipigia.

Wasomi wa siasa wana sababu nyingine za kutoshangaa. Anthony Downs alieleza mwaka 1957 kwamba kura moja ni nadra kuamua mshindi, kwa hiyo mwenye kuhesabu faida tu angebaki kitandani. Mwaka 1979 Daniel Kahneman na Amos Tversky wakaonyesha kwamba kupoteza humuuma mtu kuliko kupata kiasi kilekile kunavyomfurahisha. Ukiyaunganisha hayo mawili unaielewa 2010, na unaielewa pia 2018. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Julai 2017, Seneti ilikuwa inakaribia kuivunja sheria ya afya pale Seneta John McCain, ambaye siku chache nyuma alikuwa amegundulika na saratani ya ubongo, aliposogea mbele, akanyoosha mkono na kuelekeza dole gumba chini. Muswada ukaanguka kwa kura 49 dhidi ya 51. Mwaka uliofuata karibu nusu ya wenye haki ya kura walijitokeza, kiwango kikubwa kuliko uchaguzi wowote wa katikati ya muhula tangu 1914. Donald Trump mwenyewe aliwasukuma wengi, wa kumpenda na wa kumchukia, lakini wapigakura waliohojiwa walipotoka vituoni waliitaja afya kuliko suala lingine lolote. Kilichokuwa zawadi ya kubishaniwa sasa kilikuwa mali ya kulindwa.

Ipo njia nyingine ambayo sheria ya afya huifikia kura, isiyopitia hasira wala hofu. Mwaka 2008 jimbo la Oregon lilikuwa na nafasi chache za Medicaid kuliko waombaji, likaendesha bahati nasibu. Watu wapatao 90,000 walijiandikisha. Katherine Baicker na Amy Finkelstein walilinganisha waliobahatika na waliokosa, wakaona kwamba bima iliongeza kujitokeza katika uchaguzi wa Novemba mwaka ule kwa takribani asilimia 7, na zaidi miongoni mwa wanaume. Katika chaguzi zilizofuata athari hiyo haikuonekana tena. Ni ongezeko dogo na la kupita, ila ni gumu kulipuuza: pengine mtu aliyepunguziwa mzigo wa madeni ya hospitali anapata nafasi ya kufikiria mambo ya umma. Anayeumwa ana kazi moja tu.

Ndiyo maana swali la wajibu haliishi kwa kusema kwamba kura si malipo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kifungu cha 2240, inaweka kupiga kura miongoni mwa wajibu wa kimaadili kwa ajili ya manufaa ya wote. Wajibu huo haumwelekei rais aliyetia saini. Unawaelekea ambao bado wako nje ya mlango, na aliyeingia ndiye anayejua vizuri baridi ya huko nje. Mtu wa Kentucky aliyepata bima na kubaki nyumbani mwaka 2015 hakumkosea Obama. Alimwachia mwingine aamue hatima ya jirani yake.

Idaho inaonyesha namna wajibu huo unavyoweza kutengwa na chama. Mwaka 2017 wanaharakati wachache kutoka mji wa Sandpoint walizunguka jimbo zima wakiwa na gari kuukuu la kulala, lililopakwa rangi ya kijani, kutafuta saini za kuwafikishia wananchi swali la kupanua Medicaid. Zilihitajika zaidi ya 56,000, wakazipata. Novemba 2018 karibu asilimia 61 ya wapigakura walisema ndiyo, na siku hiyohiyo wakamchagua Brad Little wa Republican kuwa gavana kwa tofauti kubwa. Bunge la jimbo lilijibu mwaka uliofuata kwa kupitisha masharti magumu zaidi ya kukusanya saini. Little aliyakataa, na Januari 2020 upanuzi wa Medicaid ukaanza kufanya kazi.