Wanaovaa Sufu na Kusahau Kondoo

Neno: Ezekieli 34:1-10

Kwa wale ambao mlikuwa kazini Jumapili, huu ndio muhtasari wa ujumbe.

Katika mstari wa 3, Mungu anawashtaki wachungaji wa Israeli. Wamejivika sufu ya kondoo na nyama wameshiba, lakini malisho ya kondoo hayawahusu. Tuelewane hapa. Mchungaji kuvaa sufu si dhambi. Shtaka ni kuvaa bila kulisha.

Sasa hebu tuulize: sufu ni nini? Sufu na nywele zako zimetengenezwa kwa kitu kimoja, protini inayoitwa keratini. Kucha zako pia, hata pembe za ng'ombe. Maagizo ya kuitengeneza yako ndani ya jeni. Binadamu ana jeni 54 za keratini zinazofanya kazi, kwenye kromosomu ya 12 na ya 17, na baadhi yake ni za nywele. Nyuzi zake zimefungwa pamoja kwa vifungo vya salfa. Ndiyo maana nywele ikiungua inanuka vile, na ndiyo maana dawa ya kunyoosha nywele pale saluni ni kali: inaenda kuvunja vifungo hivyo. Kweli tumeumbwa kwa namna ya ajabu. Amina?

Lakini jeni ni ramani tu. Ukiwa na ramani ya nyumba bila mawe na saruji, utalala nje. Mawe ya keratini yanatoka kwenye sahani. Wafanyabiashara mtanielewa: pesa ikipungua, unalipa kodi ya duka na mshahara kwanza, rangi ya ukuta itangoja. Mwili nao hulinda moyo na ubongo, halafu nywele zinakatiwa bajeti mapema.

Wanunuzi wa sufu wanalijua hili. Kule Australia, kabla ya sufu kuuzwa, hupimwa nguvu kwa kuvutwa. Kondoo akipitia kiangazi bila malisho, uzi unaoota wakati huo huwa mwembamba, na ukivutwa unakatikia papo hapo. Mwenye kondoo anaweza kuja sokoni amevaa suti, akasifu zizi lake vizuri sana, lakini sufu itasema ukweli.

Nywele za mtoto pia husema. Nywele za kichwani hukua kama sentimita 1 kwa mwezi. Mtoto mwenye unyafuzi, ule tuliofunzwa shuleni kwa jina la kwashiakoo, nywele zake huwa nyepesi, hung'oka kwa urahisi, na rangi hupauka au kuwa kama kutu. Akipata chakula kizuri miezi kadhaa kisha akakosa tena, nywele zinaweza kuwa na mistari, mweusi, mwekundu, mweusi. Madaktari huiita alama ya bendera. Ni daftari la jikoni limeandikwa kichwani.

Daktari Cicely Williams alieleza ugonjwa huu mwaka wa 1933 akiwa Ghana, wakati huo ikiitwa Gold Coast. Jina kwashiorkor alilitoa kwa akina mama wa Kiga wenyewe, ambao walikuwa wanaujua kitambo: ni ugonjwa wa mtoto mkubwa mdogo wake akizaliwa. Anaondolewa kwenye titi, anapewa uji wa mahindi mtupu. Je, hiyo ni hadithi ya Ghana peke yake? Mwangalie jirani yako.

Wapendwa, wacha niseme wazi. Mtoto wa namna hii akiletwa madhabahuni, kuna mtu hunong'ona kwamba ametupiwa jicho, au mama yake ana laana. Mimi naamini katika ukombozi, na nitamwekea mikono. Lakini tukikemea pepo kisha mama arudi nyumbani kwa uji ule ule, tumefanya kile Yakobo 2:15-16 inakikataza: kumwaga mwenye njaa kwa maneno ya baraka. Na tumemwongezea mama huyo aibu. Huyu huyu mama hutoa sadaka yake kila Jumapili. Hiyo ndiyo sufu yake, nasi tumeivaa.

Niko kwenye kamati ya maendeleo. Tunapanga kununua viti vipya, na mimi napenda viti. Ombi langu kwa wazee, ambalo nimeshalileta mezani, ni moja: kwenye bajeti, mstari wa chakula cha watoto ukae juu ya mstari wa viti. Ikibidi tukae kwenye mabenchi mwaka mmoja zaidi, tutakaa.

Nyumbani nako, fanyeni hivi. Usimhukumu mtoto kwa rangi ya nywele peke yake. Wengine wamezaliwa hivyo. Lakini ukiona zimebadilika, amevimba miguu na amenyamaza, hachezi, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Usimshindilie chakula nyumbani; mwili uliodhoofika hivyo hulishwa kwa kipimo. Kwa watoto walio wazima, protini si lazima iwe nyama. Kuna omena, mayai, ndengu. Githeri ya shosho zetu ilikuwa na hekima: kile maharagwe yanakosa, mahindi yanacho, na kile mahindi yanakosa, maharagwe yanacho.

Mathayo 10:30 inatufunza kwamba Baba anajua hesabu ya nywele za kila mmoja wetu. Basi anaziona pia zile zilizopauka, na anajua zilipauka mwezi gani, na sisi tulikuwa wapi.

Maombi ya Jumatano ni saa kumi na mbili jioni. Anayeweza, aje na kilo moja ya maharagwe au gorogoro ya omena. Kina mama wa huduma watapokea mlangoni na kuandika kila kitu. Asiye na kitu, na mwenye mtoto wa kulishwa, aje pia. Hatutamuuliza maswali mbele ya watu.

Mungu awabariki.